Kupiga Kambi Upande wa Chogoria: Chagua Kambi Unayoimudu

Mazungumzo ya afisa wa utalii kwa waelekezi, wapagazi na wakazi wanaopakana na msitu wa Mlima Kenya



Swali ninaloulizwa mara nyingi ofisini ni hili: "Nikitaka kulala mlimani, nilale wapi?" Anayeuliza huwa ni mwalimu anayetaka kuleta wanafunzi, au familia kutoka Nairobi, au kijana wa hapa hapa aliyezaliwa akiutazama mlima huu lakini hajawahi kulala huko juu. Nami humjibu kwa swali: unaweza kujihudumia kiasi gani? Kambi za upande wetu zimepangika kama ngazi. Kila ukipanda, huduma zinapungua, na kazi iliyokuwa ikifanywa na mtu mwingine inakuwa yako.

Ngazi ya kwanza ni hapa chini, kwenye mashamba yanayopakana na msitu. Mgeni anayefika jioni hahitaji kukimbizwa mlimani usiku. Mkazi mwenye kiwanja tambarare anaweza kumpokea akapiga hema lake. Haihitaji mtaji mkubwa: choo safi, maji ya kunawa, chai ya moto, mahali pa kufungia mizigo, na bei iliyoandikwa mapema ili pasiwe na ubishi asubuhi. Akina mama, hapo kuna kipato chenu kabla mgeni hajakanyaga msitu.

Ngazi ya pili ni langoni. Kutoka mjini Chogoria hadi lango la hifadhi ni takriban kilomita 30 za barabara inayopita ndani ya msitu. Lango liko karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Karibu nalo kuna mabanda ya mbao yenye vitanda na mahali pa kuota moto, na pia kuna uwanja wa mahema. Chakula unabeba mwenyewe. Kwa watoto, kwa wazee, na kwa anayelala mlimani mara ya kwanza, mimi husema: anzia hapa. Ila usitembee ovyo gizani, kwa sababu nyati na ndovu nao hupita pale.

Ngazi ya tatu ni Road Head, mahali njia ya gari inapoishia, kwenye kimo cha mita 3,300 hivi. Kijito kiko karibu, hewa ni safi, lakini hakuna duka wala mtu wa kukuazima blanketi. Ziwa Ellis liko juu kidogo ya hapo, na ni pazuri kwa anayetaka utulivu bila kwenda kileleni. Kuanzia hapa, ulichosahau nyumbani umekikosa.

Ngazi ya nne ni kambi ya Mintos, kwenye vijiziwa vya Hall Tarns, karibu mita 4,300. Hapa ndipo wengi hulala kabla ya kuamka usiku kwenda Point Lenana, mita 4,985. Maji huganda ndani ya chupa. Pimbi watafungua mfuko wako wa mkate kama hukuufunga vizuri.

Ya mwisho ni Ziwa Michaelson, chini ya genge, katika Bonde la Gorges. Njia ya kushukia ni kali na hakuna huduma yoyote, ila hema lako na mlima. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kulala, na simpeleki huko mtu ambaye hajalala kwingine kwanza.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza ngazi. Jambo la kwanza ni ugonjwa wa kimo. Mtu akitoka Nairobi leo, kesho alale Mintos, mwili haupati nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Ukishapita mita 3,000, ni vizuri mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Road Head hadi Mintos ni kama mita 1,000. Kwa hivyo ongeza usiku mmoja chini, langoni au Ziwa Ellis, hata kama mgeni analalamika kuhusu gharama. Kichwa kikiuma na tumbo kichefuke, msipande zaidi. Akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema ilhali amekaa, mshusheni papo hapo. Msingoje kupambazuke, wala msimwache ashuke peke yake.

Jambo la pili ni chakula. Kule Mintos maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90. Githeri kavu utaipika hadi gesi iishe na mahindi bado yakuvunje meno. Beba kilichopikwa tayari, au kinachoiva haraka. Maji ya kunywa yaache yatokote dakika tatu nzima.

Jambo la tatu ni moto. Mnakumbuka Machi 2012, moto ulipoteketeza msitu na nyasi za juu za mlima huu. Katika kiangazi nyasi zile hushika kama karatasi. Pikeni kwa jiko la gesi, na msiwashe moto wa kuni nje ya mahali palipotengwa.

Jambo la nne linatuhusu hata sisi tusiopanda. Mto Nithi unaanzia kule Ziwa Michaelson. Sabuni inayomwagwa ziwani na choo kinachochimbwa kando ya kijito vinashuka kuja kwetu, kwenye mifereji ya mashamba na kwenye mitungi ya watoto wetu. Mgeni atarudi kwao Jumapili, nasi tutabaki tukiyanywa yale maji. Kwa hivyo choo kichimbwe hatua 70 au zaidi kutoka majini, vyombo vioshwe mbali na ziwa, na kila karatasi iliyopanda ishuke.

La mwisho ninalisema kama mtu aliyebeba mizigo. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya upagazi. Usiku mmoja pale Hall Tarns, wageni wawili walikuwa na mahema matatu: moja la kulala, moja la kulia chakula, moja la choo. Sisi wapagazi wanne tulikuwa na turubai moja lenye tundu. Barafu ilianguka. Mwenzangu mmoja alitetemeka usiku kucha, na asubuhi hakuweza kufunga kamba za viatu, vidole vilikataa. Aliyetuajiri alimwambia afanye haraka. Mgeni hakujua lolote. Hakuna aliyemwambia, nami nilinyamaza kwa kuogopa kukosa kazi tena.

Leo nawaomba waelekezi: mnapompangia mgeni kambi, hesabuni watu wote watakaolala pale. Ukisema "kambi ina huduma zote," jiulize mpagazi analala wapi, amevaa nini na atakula nini. Mizigo ipimwe kwa mizani kabla ya kuondoka, si kwa macho. Na wewe mpagazi, ukiambiwa upande bila blanketi wala pa kulala, sema hapa chini, mbele ya wenzako. Kule juu utakuwa umechelewa. Wenzako nao wakusimamie.

Kwa anayepanga safari: miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu zaidi upande huu wetu, na Agosti na Septemba pia huwa nafuu. Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kupitia eCitizen, kwa hivyo lipa ukiwa bado kwenye mtandao, na thibitisha ada za sasa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Jiandikishe langoni ukiingia na ukitoka, ili usipoonekana ijulikane ni nani wa kutafutwa. Usipande peke yako.

Vijana wetu, wengi mmeniambia mnataka kufika kileleni. Vizuri. Lakini hakuna aibu kuanzia langoni, ukalala kwenye banda, ukasikia baridi kidogo, ukarudi nyumbani. Mwezi ujao utalala Road Head. Mlima hauhami. Anayepanda ngazi moja moja ndiye atakayekuja kuwaongoza wengine, na ndiye nitakayemtuma kwa mgeni nikiulizwa mwelekezi mzuri ni nani.

Sasa niko tayari kwa maswali yenu.