Msaada Usingoje Kikao

(Hotuba ya muuguzi mstaafu, mwanakikundi, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)

  

Habari za hisa na mikopo wenzangu wameshazisema vizuri. Mimi nimeombwa niseme juu ya afya ya mama, nami nitasema lile tunalolinong'ona njiani tukitoka sokoni Soni au Mlalo: mimba ya mwanamke aliyebakwa, au anayelazimishwa na kupigwa humo humo nyumbani. Najua wengine mtainamisha vichwa. Inamisheni, ila masikio yabaki wazi.

Kwanza, sheria. Kanuni yetu ya Adhabu inaruhusu mimba kutolewa pale tu inapobidi kuokoa maisha ya mama. Nje ya hapo, anayeitoa anaweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Aliyebakwa hakutajwa. Na mke anayelazimishwa na mume wanayeishi pamoja, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 haikumhesabu kuwa amebakwa.

Lakini serikali yetu iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo ya 2003. Ibara ya 14 inazitaka nchi zimruhusu aliyebakwa, au aliyeingiliwa na ndugu wa damu, apate huduma hiyo kwa daktari. Ahadi tumeitia saini, kanuni haijaifuata.

Jirani zetu Kenya, msichana mdogo alibakwa mwaka 2014, akatolewa mimba kienyeji, figo zikaharibika, akafariki Juni 2018. Mama yake pamoja na wanasheria wanawake walikwenda mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikasema aliyebakwa ana haki ya huduma hiyo, mtaalamu wa afya akiona uhai au afya yake, hata ya akili, iko hatarini. Haki ilifika, mwenyewe keshazikwa.

Jamani, sheria ikinyamaza mimba hainyamazi. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa nchini Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 wakatibiwa madhara yake. Mwenye pesa hutafuta mjuzi. Anayenyang'anywa na mumewe hata pesa ya kabichi huishia kwenye mizizi na vijiti.

Sasa sisi tufanye nini, tena bila kuvunja sheria? Dawa za kuzuia VVU ni ndani ya masaa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba isitunge ni ndani ya siku 5, na kuwahi ni bora zaidi. Mfuko wetu wa jamii hutoa pesa baada ya kikao, na kikao ni Alhamisi. Mtu akibakwa Ijumaa usiku, Alhamisi ikifika siku zimeshapita! Kufuli tatu zimelinda sanduku letu miaka 10, lakini zisimfungie mwenzetu nje.

Kwa hiyo naomba kila kikao kibakize nauli ya kufika Lushoto mjini mkononi mwa mweka hazina. Itolewe siku hiyo hiyo kwa kauli ya viongozi wawili. Daftarini iandikwe "ugonjwa", basi. Jina lisitajwe kikaoni. Afike hospitali kwanza, PF3 na Dawati la Jinsia polisi vifuate.

Na ambaye mimba imeshaharibika, anatoka damu au ana homa, msimhoji. Mpelekeni hospitali. Kumtibu si kosa; ni wajibu wa mganga. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Mgeni rasmi, wewe utufikishie kwa Mbunge wetu: akina mama wa milimani wanauliza, ahadi ya Maputo itaingia lini katika sheria? Na nyinyi wenzangu, suala la nauli tulipigie kura leo kabla ya chakula.