Moto wa Mbabula, Moto wa Nyiragongo

Kuna ubishi usioisha barazani kwetu, hapa mtaa wa Mapendo, Goma: kati ya moto wa kawaida na lava ya Nyiragongo, kipi kina joto zaidi? Wengi hujibu "volkano" kabla hujamaliza kuuliza. Leo naomba niwapinge.

Chukua mbabula, jiko letu la makala. Makala yakiwa mekundu ya kufifia, yako kwenye digrii 700 hivi. Yapepee kwa kifuniko cha ndoo mpaka yageuke rangi ya chungwa: sasa yanakaribia 1,000. Lava ya Nyiragongo iko papo hapo, 1,000 na kidogo, ndiyo maana rangi zinafanana. Mwali wa mshumaa nao, pale unapowaka vizuri, hupita 1,000. Na shalimo ya mafundi wa Birere, ile ya oksijeni na asetilini, hupita 3,000. Hiyo hukata chuma, kazi ambayo lava yetu haiiwezi, maana chuma huyeyuka kwenye 1,538. Lava ikishapita utakuta mabati yamekunjamana na kuungua, lakini bado ni mabati. Sufuria za alumini, ambazo huyeyuka kwenye 660 tu, ndizo hutaziona tena. Kule Tanzania, Ol Doinyo Lengai hutoa lava ya digrii 500 hadi 600, mchana inaonekana nyeusi kama tope. Mbabula ya mama muuza mahindi inaishinda!

Basi mbona lava ndiyo inayomeza mji? Kwa sababu ya uzito. Mita moja ya ujazo ya lava ina zaidi ya tani mbili za jiwe lililoyeyuka, na zote zimebeba joto. Mita kama hiyo ya mwali wa moto haifiki hata nusu kilo. Cheche ya fundi wa kuchomelea ina digrii zaidi ya 1,000, lakini ikikuangukia mkononi unaipangusa na kuendelea na maongezi. Maji ya ugali hapa Goma, kwa kuwa tuko juu, huchemka kwenye 95 hivi. Yakikumwagikia, ni hospitali.

Tena lava haiwaki. Haiombi hewa wala kuni, kwa hiyo huwezi kuinyima chochote, unaikimbia. Na watu wa Goma wanajua kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi wakiwa hai. Siku chache baadaye, lava ikiwa imesimama na kuanza kuwa makoro, yaani mawe meusi, mafuta yalilipuka kwenye kituo cha petroli na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota. Petroli haihitaji hata digrii 300 ili iwake yenyewe, na chini ya ganda lile jeusi joto lilikuwa bado mara mbili au tatu ya hapo. Katika mlipuko ulioanza tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Ninachosema ni hiki: volkano tumeiwekea wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano, na mtikisiko mdogo tu unatutoa nje na magodoro. Nyumba zetu za mbao, zilizobanana hivi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole, tumeziachia bahati. Humo ndimo tunamolaza mbabula usiku kwa sababu ya baridi. Ubao mkavu hushika moto kabla ya digrii 400, na nyumba ya jirani haitangazi kama inavyotangaza ardhi. Halafu maji ya kuzima moto yako kwenye bidoni, yamepanda chukudu, baiskeli yetu ya mbao, kutoka ziwani, yamelipiwa, na pengine yameshaisha kwa kuogesha watoto.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa avenyu na wa nyumba kumi wa Mapendo halina gharama kubwa: pipa moja la mchanga kwenye kila kona, njia ambayo haijazibwa na vibanda, na mbabula itoke nje kabla ya kulala. Mchanga tunao, volkano imetupa wa kutosha.