Kabla Hamjamuuzia Mtu Fayawali



Wahitimu wa TEHAMA, mkitoka hapa chuoni mtaanza kuitwa kwenye biashara za watu. Mtaulizwa: "Nilipie fayawali ya kila mwezi, ile inayosimamiwa na kampuni?" Msiseme ndiyo kwa kufuata kamisheni.

Mama muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, biashara yake yote imo kwenye simu. Tapeli humpigia akijifanya mtoa huduma, akamtaka namba ya siri. Fayawali, inayochuja mawasiliano ya mtandao, haizuii hilo. Mfundisheni, kisha mwageni. Duka la Barabara ya Kenyatta lenye kompyuta mbili nalo linatoshwa na ruta nzuri, iliyosasishwa na kubadilishwa nywila ya kiwandani.

Kiwanda cha minofu ya sangara ni habari nyingine. Pale pana mishahara, hati za shehena za Ulaya, mitambo ya vyumba vya baridi, na kamera. Ole wenu mkikuta fundi alifungua njia kwenye ruta ili bosi atazame kamera akiwa Dar! Njia hiyohiyo hupigwa hodi na dunia nzima. Hapo fayawali inahitajika, na kamera zitengwe na uhasibu. Lakini nani atasoma maonyo yake saa nane usiku? Kiwanda kikiwa na mtaalamu mwenye nafasi, kisilipe mara mbili. Kikiwa hakina, kilipie kampuni, na mkataba useme: hatari ikionekana nani anapiga simu, baada ya muda gani, na nywila za kifaa zinabaki kwa nani siku wakiachana.

Hata taasisi kubwa hujisahau: Februari 2016 Benki Kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81. Mpelelezi wa polisi alisema mtandao wa benki haukuwa na fayawali, na swichi zilikuwa za mtumba, za dola 10. Benki kuu hiyo, jamani!

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kulipa kampuni ya fayawali hakumwondolei wajibu huo.

Basi, mteja akiwa hahitaji fayawali, mwambieni hivyo usoni. Mtozeni ada ya ushauri, na risiti mtoe.