Mlo wa Mboga na Mikunde: Faida Inayopotea kati ya Gakoromone na Sufuria

Mlo wa mboga ni mlo wa nafaka, mikunde, mizizi, mboga za majani na matunda, usio na nyama wala samaki. Wapo wanaouongezea maziwa na mayai, na wapo wasiovigusa. Faida zake zimekwisha kuelezwa katika semina nyingi: nyuzinyuzi tele, mafuta machache ya kuganda, na hatari ndogo zaidi ya maradhi ya moyo na kisukari cha aina ya pili. Afrika Mashariki yenyewe ilichangia ushahidi huo mapema. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, akaonyesha kwamba shinikizo lao la damu halikupanda uzeeni kama ilivyokuwa Ulaya. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alihusisha uhaba wa maradhi ya utumbo mpana huku kwetu na nyuzinyuzi za vyakula vyetu. Ni haki kukiri kwamba watu waliochunguzwa pia walitembea sana na kula chumvi kidogo, kwa hiyo mboga haziwezi kupewa sifa yote. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba Wakenya wazima wapatao 94 katika kila 100 hawafikishi mafungu 5 ya matunda na mboga kwa siku, na karibu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu.

Pingamizi kubwa, kwamba mboga hazina nguvu, lina historia yake hapa nchini. Mwaka 1931 John Gilks na John Boyd Orr walilinganisha Wamaasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu waliokula nafaka na mizizi, wakakuta wanaume wa Kimaasai ni warefu na wazito zaidi, na Wakikuyu wanasumbuliwa zaidi na upungufu wa damu. Anayetetea mboga hana ruhusa ya kuuruka utafiti huo. Lakini ausome mpaka mwisho: tofauti kati ya wanawake wa makabila hayo mawili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume, na wanawake wa Kikuyu ndio waliokula mboga za majani kwa wingi. Udhaifu basi haukutokana na kukosa nyama peke yake. Ulitokana pia na sahani ya wanga mtupu. Onyo hilo linaihusu leo nyumba yoyote ya Meru au Embu inayokula ugali na kabichi kila siku na kudhani imekula mboga.

Lakini hata penye mboga tele liko tatizo la faida kupotea kati ya soko na sufuria, nalo halifai kupitiwa juu juu, maana limesemwa miaka mingi na bado liko palepale. Soko la Gakoromone mjini Meru halina uhaba: maharagwe, njahi, ndengu, ndizi, nduma, managu, terere na kunde vyote hupatikana. Madini ya chuma yamo ndani ya mikunde na majani hayo, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko yale ya nyama, na vitamini C huusaidia kuyafyonza. Sasa tazama yanayofanyika. Sukuma wiki hukatwa nyembamba kibandani asubuhi, ikakaa wazi hadi jioni. Nyumbani huoshwa baada ya kukatwa, ikachemshwa mno, na maji yake yakamwagwa. Mwingine huongeza magadi ili majani yabaki kijani na githeri iive haraka, na magadi huharibu vitamini C iliyosalia. Kisha huja chai, pamoja na chakula hichohicho, na chai inaweza kupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Mama mjamzito aliyekula hivyo ataambiwa na majirani kwamba mboga hazina nguvu, ilhali nguvu ilikuwamo, ikapotezwa hatua kwa hatua. Inasikitisha zaidi kwa kuwa marekebisho mengi hayahitaji bajeti.

Wapo watakaosema mama mboga hukata kwa sababu mteja anayetoka kazini ana haraka. Ni kweli, na hakuna sababu ya kumnyima riziki. Akate mteja akiwa amesimama mbele yake, majani yakiwa yameoshwa mazima. Inapendekezwa uongozi wa soko uhakikishe maji safi karibu na vibanda vya mboga, na wahudumu wa afya ya jamii wafundishe kwa sufuria, si kwa mabango. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, jambo litakalopunguza kuni na haja ya magadi. Uji wa wimbi au mwere uchachishwe kama zamani, kwa kuwa kuchachisha huyafungua madini. Chungwa, papai au nyanya mbichi iliwe pamoja na mlo. Asiyekula kabisa maziwa wala mayai apate vitamini B12 kwa ushauri wa kliniki, kwa sababu mboga haziwezi kumpa. Unga uliorutubishwa, uliolazimishwa kisheria tangu 2012, usaidie; lakini unaosagwa kwenye posho mill za mitaani mara nyingi haurutubishwi, na kaunti ilitazame hilo. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe dakika chache, maji yake yasimwagwe. Na chai isubiri saa moja baada ya chakula.