Pilipili Kali na Usalama wa Jikoni

(Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mollo, Sumbawanga)



Kila chama kina siku ya mkutano mkuu, na kila mkutano mkuu una sufuria lake la maharage. Pilipili haikosi hapo. Ni kiungo cha gharama ndogo, lakini kikishikwa bila maarifa huweza kumtia mpishi taabu ya siku nzima, kumwasha mtoto macho, na kumkaba pumzi mgonjwa wa pumu. Yafaa basi kila mwanachama ajue ukali huo ni kitu gani, ndipo ajue namna ya kujikinga nao.

Asili ya pilipili ni bara la Amerika. Ilienea Afrika na Asia baada ya mwaka 1492, hasa kwa vyombo vya Wareno. Ukali wake hutokana na dawa ya asili iitwayo kapsaisini. Wengi hudhani kuwa imo katika mbegu, kumbe hujaa zaidi katika utando mweupe unaozishika mbegu hizo. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana mtu hunawa maji matupu mara tatu, na mikono ikaendelea kuwasha.

Mwaka 1997, mtaalamu wa Marekani David Julius alionyesha kuwa kapsaisini hugusa sehemu ileile ya mishipa ya fahamu inayopokea habari za joto kali, lipitalo nyuzi 43 hivi. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Basi ngozi iliyoguswa na pilipili haikuunguzwa na moto, ila ubongo umepelekewa habari ya moto.

Pilipili nazo hazilingani. Kwa kipimo alichokibuni mkemia Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili hoho ni sifuri. Pilipili kichaa aghalabu hufika kati ya 50,000 na 100,000, na jamii ya pilipili mbuzi huweza kupita 100,000. Kwa hiyo mpishi aliyezoea aina moja asitie aina nyingine kwa hesabu ileile.

Sasa yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, mikono. Anayekata pilipili nyingi avae glavu. Asipokuwa nazo, ajipake mafuta ya alizeti kabla ya kuanza, aishike pilipili kwa kikonyo chake na kuikata kwa kisu. Akimaliza ajifute tena kwa mafuta, kisha anawe kwa sabuni, na kisu na ubao vioshwe vivyo hivyo. Kabla ya hapo asijiguse macho, asimshike mtoto, wala asinyonyeshe.

Pili, hewa. Katika miezi ya baridi ya Ufipa, watu hupenda kufunga mlango na dirisha la jiko. Pilipili ikikaangwa au kuchomwa humo, mvuke na moshi wake huingia kifuani na kuleta kikohozi kikali. Kazi hiyo ifanyiwe nje, au milango ifunguliwe, na watoto na wenye pumu wakae mbali. Anayetwanga pilipili kavu afunike kinu kwa kitambaa na kuupa upepo mgongo.

Tatu, mashine ya kusaga. Pilipili isisagwe katika mashine ya nafaka ya chama. Vumbi lake hubaki ndani, na mteja anayefuata huenda ni mama aliyeleta ulezi wa uji wa mtoto. Katibu na aliliandike katazo hili mlangoni.

Nne, chungu cha watu wengi. Pilipili itiwe nzima, isipasuliwe, na itolewe kabla ya kupakua. Lililo bora zaidi ni kuiandaa pembeni katika kibakuli, kila mtu ajitilie apendavyo, kwa maana mkutanoni wamo wazee, watoto na wenye vidonda vya tumbo.

Tano, huduma ya kwanza. Kinywa kikiwaka, maziwa au mtindi hufaa kuliko maji, kwani protini ya maziwa huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Lakini jicho lina sheria yake: lisitiwe maziwa wala mafuta, wala lisifikichwe. Mwenye kusaidia anawe mikono kwa sabuni, kisha alimwagilie maji safi mfululizo kwa muda wa dakika 15. Maumivu yakiendelea, au macho yakiona ukungu, mgonjwa apelekwe zahanati. Aliyebanwa pumzi atolewe kwenye hewa safi, na mwenye pumu atumie dawa yake. Asipopata nafuu mara moja, naye apelekwe bila kuchelewa.

Ndugu Wanachama, ushirika huhesabu magunia na fedha, lakini mali yake ya kwanza ni watu wenye afya. Kila katibu na ayasome maneno haya mbele ya kamati ya chakula kabla ya mkutano mkuu ujao, na ahakikishe kuwa sabuni, mafuta kidogo na ndoo ya maji safi vimewekwa karibu na meko.