Mwani Hauna Kitivo

Wapo hapa akina mama waliopanda daladala alfajiri kutoka Paje na Jambiani ili waje wakae kwenye viti hivi visivyo na starehe.

Kilichomo kwenye kipolo hiki hapa mezani ni mwani mkavu. Safu ya mbele mnaisikia harufu yake. Mniwie radhi, lakini ndiyo harufu iliyonilipia ada ya shule.

Nilipoombwa nizungumzie upana wa utafiti wa chuo kikuu, yaani tiba, teknolojia, mazingira na biashara, nilianza kwa kuandika orodha. Fulani anatafiti malaria, fulani anatengeneza programu ya simu, fulani anahesabu mikoko, fulani anachunguza mikopo ya vikoba. Orodha ikafika kurasa nne, na kila nilipoisoma usingizi ulinijia. Nikaichana. Nikaona heri nichukue kitu kimoja nikipeleke mlango kwa mlango, kama mgeni anayeuliza njia, nione nani atakipokea na nani atasema hapa sipo.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa wataalamu wa mimea. Kwa miaka mingi watu wa pwani yetu waliokota mwani pori na kuwauzia wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesomea uzamivu wake Hawaii, alirudi miaka ya 1970 na swali ambalo masikioni mwa wengi lilikuwa kichekesho: je, bahari inalimika? Hawaii ndiko alikokuwa Maxwell Doty, mmoja wa walioanzisha kilimo cha mwani Ufilipino, kwa hiyo Mshigeni alijua haoti. Alitembea ufukweni, akaorodhesha aina, akapima zinaota wapi na zinakua kwa kasi gani. Kilimo cha biashara upande wa mashariki wa Unguja kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mzigo wa vipande vya kupandia kutoka Ufilipino. Hesabuni miaka iliyopita hapo katikati. Siku hizi fomu ya kuomba fedha za utafiti hukuuliza matokeo utayaonyesha robo ya ngapi ya mwaka.

Kazi yenyewe mnaijua nyinyi mliotoka mashariki. Wa mjini niwaeleze. Siku za bamvua maji hupwa mpaka mbali, mnamo saa nne asubuhi. Mama mdogo wangu hutoka mapema akiyafuata maji yanavyorudi nyuma, gunia kichwani, fundo la taitai, nyuzi za kufungia, kiunoni. Vigingi viwili vimechomekwa mchangani, kamba imevutwa kati yake, na kila baada ya shubiri moja amefunga kijipande cha mwani. Anainama. Anafungua, anakaza, anapangusa matope, anang'oa majani mengine yaliyojisokota humo. Kisha kamba inayofuata. Maji yakianza kujaa yanamkuta kazini: magotini, kiunoni, kifuani. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anabeba mzigo unaochuruzika, anauanika. Kilo saba mbichi humpa kama kilo moja kavu. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kumhesabia ni mara ngapi anainama kwa saa moja. Akaniambia, "Mwanangu, wewe hesabu kamba. Mgongo niachie mwenyewe."

Mlango wa pili, wa biashara, ulifunguliwa kabla sijabisha. Wakulima wetu hulima aina mbili: kotonii, ambayo bei yake ni nzuri na jeli yake ngumu, na spinosamu, ambayo jeli yake ni laini na bei yake ya kusikitisha. Jeli hiyo huitwa karajinani. Ndiyo inayoizuia chokoleti isitue chini ya maziwa, ndiyo inayoishikilia dawa ya meno isimwagike kwenye mswaki. Kwa sehemu kubwa sisi tunauza magunia tu, na jeli inakamuliwa kwa watu. Mara nyingi mnunuzi humpa mkulima kamba na taitai, naye mkulima humuuzia mnunuzi huyohuyo, kwa bei inayofuata upepo wa Indonesia na Ufilipino, nchi zinazovuna kwa wingi usiolinganika na wetu. Wanauchumi wana jina la soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja. Mama mdogo naye ana jina lake, ila halifai kuchapishwa.

Hapo ndipo nilipokutana na kazi za Dkt. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 lilianzishwa kongano la mwani la Zanzibar, yeye akiwa mstari wa mbele, ili wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara wakae meza moja. Wanawake wakaanza kusaga mwani unga na kupika sabuni. Mwanasayansi wa bahari anajadili vifungashio na lebo za sabuni: huyo mwampa ofisi katika jengo gani?

Wakati huohuo kotonii ilikuwa inakufa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wakulima walisimulia jambo moja: mwani unapauka kwenye vidole vyake, unalainika, unakatika, unakwenda na maji. Ugonjwa huo umepewa jina la barafu, kwa ajili ya weupe wake. Wakulima walisema maji yamekuwa moto, na kipimajoto kikawaunga mkono. Kotonii hustawi kwenye nyuzi kama 25 hadi 30, na maji ya kina kifupi, jua la kaskazi likiyapiga, hupita hapo bila shida. Tena mwani haupandwi kwa mbegu kama mahindi. Hukatwa kijipande kikafungwa upya, kipande baada ya kipande, tangu ule mzigo wa Ufilipino. Shamba zima, hata ukanda mzima, waweza kuwa mmea mmoja uliogawanywa, na kinachomuua mmoja kinawajua ndugu zake wote.

Watafiti wengine walileta habari isiyopendwa kutoka Ghuba ya Chwaka: majani ya bahari yanayoota chini ya mashamba ya mwani hupungua, na majani hayo ndiyo yanayowalea samaki wachanga. Zao lililosifiwa kuwa halina dhambi likaonekana nalo lina kivuli. Nawapongeza kwa kusema. Utafiti unaomfurahisha kila mtu mimi huutilia shaka.

Teknolojia ikaja na dawa yake: upelekwe mwani maji ya kina, kwenye ubaridi kidogo, uwekwe ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa bomba ili usikatike. Msuya na wenzake walijaribu, na kotonii ikakua. Lakini kina kinataka chombo, na kinataka mtu asiyeogopa kuzama. Wanaolima mwani kwetu wengi mno ni wanawake, ngalawa ni za wanaume, na mtoto wa kike wa pwani, hata aliyezaliwa hatua kumi kutoka kwenye maji, mara nyingi hakufunzwa kuogelea. Mhandisi alikuwa amechora wavu. Mchoro ukagonga mwamba ambao haumo kwenye ramani yake, yaani nani anamiliki chombo na nani alifunzwa nini utotoni. Wapo wanawake waliojifunza kuogelea na kuendesha mashua baadaye, ukubwani, na hao nawavulia kofia kuliko mwandishi yeyote wa makala.

Mlango wa tiba nilidhani utanishinda, kumbe mwani ulikuwa umeshaingia humo kabla yangu. Mwaka 1881 Fanny Hesse alikuwa akimsaidia kazi mumewe, daktari Walther Hesse, aliyejiunga na maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Mumewe alilalamika kwamba jelatini ya kuoteshea vijidudu inayeyuka siku za joto. Fanny alikuwa anagandisha jamu na vitamutamu jikoni kwake kwa agari, ambayo hutokana na mwani wa jamii nyingine, ujuzi uliomfikia kupitia watu waliowahi kuishi Java. Akashauri ijaribiwe. Leo ukienda maabara ya vijidudu, iwe ya Berlin au ya hospitali ya Mnazi Mmoja, utakuta sahani za agari. Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 aliigusia agari kwa kifupi. Mwenye jiko hakutajwa.

Karajinani nayo imepita kwenye mizani ya madaktari. Huko Afrika Kusini zaidi ya wanawake 6,000 walishiriki katika jaribio la jeli yake, iitwayo Carraguard, kuona kama itamkinga mwanamke na Virusi vya UKIMWI. Matokeo yalitoka mwaka 2008: jeli ni salama, ila haikingi. Wapo waliosema fedha zimetupwa baharini. Mimi jaribio hilo nalifundisha kila mwaka, kwa sababu waliolifanya walitoka mbele za watu wakasema limeshindwa, na hawakutafuta kijikundi cha wanawake hamsini ambao kwao namba zingeonekana nzuri.

Lililonikosesha usingizi ni dogo zaidi. Mwaka 1962 watafiti wa Marekani walichapisha njia ya kupima dawa za uvimbe. Unachukua karajinani, ya aina itokayo kwenye mwani wa bahari za baridi, unamdunga panya unyayoni. Unyayo unavimba. Kisha unapima, kwa panya aliyetangulia kupewa dawa, uvimbe ni mdogo kiasi gani. Njia hiyo ilienea maabara nyingi, na dawa nyingi za viungo tunazozijua zimepitia unyayo huo wa panya. Jioni mama mdogo akitoka baharini hupaka magoti dawa ya namna hiyo, iliyonunuliwa kwa pesa ya mwani. Sayansi ilijua kwa miaka mingi mwani unafanya nini kwenye unyayo wa panya. Magoti ya mkulima wa mwani yalichelewa sana kuulizwa hali.

Yaliulizwa, nadhani kwa makini kuliko ilivyopata kufanywa kabla, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm pamoja na wenzao wa hapa Unguja. Wanawake wanaolima mwani walitaja uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, njaa, matatizo ya macho na ya kupumua, na kuumizwa na viumbe hatari na magamba makali. Kipato chao kilikuwa cha chini mno. Kilimo kilikuwa kimetimiza zaidi ya miaka ishirini. Mimea ilishapimwa, soko lilishapimwa, joto la maji lilishapimwa.

Nina langu pia la kusimulia. Miaka michache iliyopita niliandika ombi la utafiti juu ya macho ya wakulima wa mwani, maana jua la baharini hukupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Kamati moja ikajibu kwamba hili ni la tiba. Ya tiba ikasema wakulima ni wa kilimo. Ya kilimo ikaandika kwa upole kwamba mwani uko baharini. Ya bahari ikasema macho si sehemu ya bahari. Barua zote nne ninazo, na kila moja, ukiisoma peke yake, ina haki.

Mwezi uliopita nikampeleka mama mdogo kliniki ya macho. Daktari, kijana mpole, alimuuliza, "Bibi, unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

Akaandika: mkulima. Hakuuliza analima wapi. Alimpa matone, akamshauri avae kofia pana akiwa shambani na apumzike chini ya mti jua likiwa kali.

Mama mdogo alishukuru, akakunja cheti akakitia kwenye pindo la kanga. Kule nje akaniuliza tarehe ya mwezi mwandamo, akahesabu kwa vidole, akasema tuwahi gari. Kesho yake ilikuwa bamvua.