Hesabu ya Makosa: Kijiji na Jirani Zake



Sisi makarani ndio tuandikao taarifa za mwezi, na neno hili, "kijiji kile ni cha wezi," aghalabu huzaliwa katika karatasi zetu kabla halijafika kinywani mwa mkubwa. Kwa hiyo nawaomba tutazame jinsi lipatikanavyo.

Mji wa Vatikani umezungukwa na Roma pande zote, nao kwa wingi wa watu ni sawa na kijiji. Mwaka 2002 mwendesha mashtaka wake alihesabu makosa ya jinai 608, na wakazi walikuwa 455. Ukigawanya, kila mkazi amepata kosa moja na theluthi, mapadre wakiwamo! Hakuna mji wa jirani uwezao kushindana naye. Lakini wageni waingiao humo kwa mwaka ni mamilioni, na makosa mengi yalikuwa ya kuibiwa mifukoni katika msongamano. Mwizi ni mgeni, aliyeibiwa ni mgeni, mkazi hana habari. Ila hesabu yaangukia kichwani pake. Basi kijiji chenye gulio au kituo cha magari hakifai kupimwa kwa idadi ya wakazi peke yao.

Tena uko udogo. Tuseme kijiji kina watu 200 na wizi 4 kwa mwaka: hiyo ni 20 kwa kila watu elfu. Mji wa karibu una watu 8,000 na wizi 80: ni 10 kwa elfu. Kijiji chaonekana kibaya mara mbili. Mwaka wa pili kuku wa mtu mmoja akaibwa zaidi, na kadiri yapanda kuwa 25. Je, watu wamekuwa waovu, au ni kuku mmoja tu? Afadhali kukusanya hesabu za miaka mitano kabla ya kunena.

La tatu ndilo zito. Daftari halihesabu makosa, lahesabu mashtaka. Aliye karibu na polisi hushtaki hata jembe. Aliye mwendo wa kutwa nzima huenda kwa wazee, wakamaliza barazani, na karatasi ikabaki nyeupe.

Wala msidhani haya ni mchezo wa tarakimu. Katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya, sheria ya mwaka 1909 ya adhabu ya jumla iliwezesha jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache, na ng'ombe wakatolewa katika zizi la asiyeiba kitu. Sheria ya namna ile haihitaji ushahidi juu ya mtu. Yahitaji sifa mbaya ya mahali, na sifa hiyo hutoka daftarini.

Shauri langu ni kwamba kila taarifa iongezwe safu tatu: idadi ya wapitao, umbali wa kituo cha polisi, na makosa yaliyoamuliwa barazani. Nangoja maswali yenu.